Hoja ya Mlango wa Saba

Nkwimba Luhende alipoingizwa kwenye chumba cha matayarisho na kuona ni nani aliyeketi ng'ambo ya meza, aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu aliyejiandaa kwa baya akaletewa baya zaidi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Hapo sasa wamenipatia."

Askari akamkalisha kwa kumbonyeza bega, akatoka, akafunga mlango. Limi Kasubi alisubiri mpaka vishindo vya viatu vikapotea. Alikuwa amevaa joho la kijivu la wapimaji wa Baraza, lenye taa sita zilizotariziwa kifuani kwa uzi wa manjano, na tangu apewe joho hilo hakuwahi kulionea uzito kama siku ile.

"Shikamoo, wifi."

Nkwimba aliiacha salamu ianguke chini. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono minene ya mlinda mlango, na kwenye nywele zake bado mlikuwa na matope yaliyokaukia humo tangu siku ya mafuriko.

"Uwifi wetu ulikufa na kaka yangu," alisema hatimaye. "Matanga ya Sayi hayajaanuliwa, wewe ulishapanda Dari kufanya mtihani. Leo ndiyo unanikumbuka?"

"Kesi hii sikuiomba. Imenijia kwa zamu."

"Basi zamu yenu ina akili."

Kupanda alipanda kweli. Lugulu ulikuwa mji uliochimbwa ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, enzi jua la juu lilipogeuka jua la kuua, na ndani yake palikuwa na mahali pawili tu pa kuishi. Palikuwa na Dari, karibu na matundu ya hewa, ambako mtu hulala mkavu na kuamka mkavu. Na palikuwa na Sakafu, chini kabisa, ambako maji ya ardhini yalitoka jasho kutani mchana kutwa na usiku kucha. Ukoo wako haukukupandisha Dari, wala kazi ya mikono yako. Kilichokupandisha ni daraja lako, na daraja lilipimwa na Sikio.

Sikio lenyewe lilikuwa mezani kati yao: ukanda mwembamba mweusi wa kuvaa shingoni, usiozidi upana wa kidole.

"Kanuni inanitaka nikueleze jinsi linavyofanya kazi," Limi alisema.

"Nalijua. Nani asiyelijua?" Nkwimba alianza kuhesabu kwa vidole, akiiga sauti nyembamba ya watoto wa darasani. "La kwanza, woga wa fimbo. La pili, nipe nikupe. La tatu, macho ya watu. La nne, amri ni amri. La tano, mapatano. La sita, haki iliyo juu ya kila amri." Akashusha mkono. "La sita mwalimu alituimbisha tu. Maana yake hakutufundisha. Alisema sisi wa Sakafu hatutalihitaji."

"Linasikiliza koo. Maneno unayoyasema, na mtetemo wa sauti unapoyasema. Haliangalii ulichofanya. Linapima sababu ya kukifanya. Ukivunja amri na sababu yako ikafika la tano au la sita, unapata Msamaha wa Hoja, unakwenda zako. La tatu na la nne, unafanya kazi ya adhabu. Likiwa la pili au la kwanza..."

"Natolewa juani."

"Ndiyo."

"Sema basi. Mbona unamung'unya?"

Limi akavuta pumzi. "Hebu niambie ilivyokuwa. Likiwa hapo mezani halisikii."

Nkwimba alitazama ukuta. "King'ora cha Sakafu kililia. Mlango wa saba ni wangu, nikaufunga, kama nilivyoagizwa. Wewe unajua vya kwetu vinavyolia. Cha Dari hulia mpaka mtu wa mwisho apite, ndipo mlango unafungwa. Cha Sakafu hulia mlango ukiwa tayari unajifunga. Nikakaza usukani wa mlango. Halafu wakaanza kugonga. Wakaniita jina. Nikafungua."

"Na maji?"

"Maji yalikuja nao. Hao walikimbilia ngazini, maji yakashuka kwenye chumba cha pampu. Mzee Budeba alikuwa humo. Bado yumo. Hawajamtoa."

Limi aliinama mbele, akashusha sauti ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. Alichotaka kufanya kiliitwa kulisha maneno. Mpimaji aliyekamatwa akilisha maneno alivuliwa joho siku hiyo hiyo.

"Nisikilize. Ukiulizwa, sema hivi: amri inayofunga mlango wa Sakafu kabla ya wakati, na ule wa Dari ikausubirisha, inathamini uhai wa mtu kwa mahali anapolala. Sema amri ya namna hiyo hakuna ambaye angeikubali kama angekuwa hajui atazaliwa wapi. Hayo tu. Usiharakishe. Taa ya sita itawaka, nakuapia."

"Na Budeba?"

"Budeba usimtaje."

Nkwimba aligeuka taratibu, akamkazia macho kwa mara ya kwanza.

"Usimtaje," alirudia. "Mtu amekufa kwa mkono wangu huu, mjane wake analala mlango wa nne kutoka kwangu, na wewe unaniambia nisimtaje. Hayo maneno yako mazuri nilikuwa nayo nilipokuwa nimeshika usukani? Hata moja sikuwa nalo."

"Ni ya kweli, Nkwimba. Amri ile ni ya dhuluma na wewe unajua."

"Najua toka sijaota meno. Lakini siyo iliyonifungulisha mlango." Aliegemea nyuma, kiti kikalia. "Yameze mwenyewe. Ulishayazoea."

"Watakuua!"

"Na wewe ndiye utakayeweka kidole kwenye hukumu. Mwite askari, nimechoka kukuona."

* * *

Mkuu wa Wapimaji, Bwana Tegemea Mhangwa, alikuwa amesimama ukumbini akizungumza na Mhandisi Kalekwa, na wote wawili walikuwa wakicheka kwa adabu, midomo ikiwa nusu imefungwa. Limi alitaka kuwapita. Mkuu alimwinulia mkono.

"Bibi Limi. Umemtayarisha?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Haitachukua muda, nadhani. Watu wa kule chini hawatuchoshi." Alimgeukia mhandisi. "Tofauti na wewe. Juzi ulitufanya tukae mpaka tukasahau chakula."

Kalekwa akainamisha kichwa kwa haya ya kujitia. Ndiye aliyefungua lango la bwawa la Dari bila kutoa onyo, kinyume cha amri, kwa sababu ukingo ulikuwa umepasuka na maji yalitaka kuvizamisha vitalu vya mbegu. Vitalu vilipona. Maji yakatafuta njia ya kushuka, kama maji yalivyo, yakaipata Sakafu. Alipopimwa, mhandisi alisimama wima, Sikio shingoni, akasema kwamba mbegu ni uhai wa vizazi visivyozaliwa, na kwamba vizazi hivyo havina mtu wa kuvisemea katika Baraza lolote, basi yeye alilazimika kuvisemea hata kwa kuvunja amri aliyoiheshimu. Taa ya sita iliwaka kabla hajamaliza. Ukumbi ulipiga makofi. Limi ndiye aliyeuliza maswali siku hiyo, na ndiye aliyeweka kidole kwenye bamba la hukumu. Maneno yale yalimgusa mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mkuu," alisema sasa, "kabla hatujaingia nataka kuuliza. Mhandisi alivunja amri ili aokoe mbegu, na Nkwimba akaivunja ili aokoe watu. Maji ni yale yale."

Kicheko cha Kalekwa kilikatika.

Mhangwa hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuvuta subira kama anayevuta shuka. "Hatupimi matendo, bibi. Enzi za babu zetu walipima matendo, na unajua walivyonyongana. Mwizi wa dawa ya mtoto na mwizi wa anasa waliwekwa seli moja. Sisi tumewazidi. Sheria ya Lugulu ndiyo sheria pekee inayomruhusu mtu kuivunja, mradi aonyeshe kwamba ameielewa kuliko walioitunga. Unataka tumruhusu na asiyeielewa?"

"Nataka kujua kama tunapima haki au tunapima ulimi."

"Ulimi ndio mlango wa akili."

"Na wasiofundishwa?"

"Wanaweza kujifunza," Mkuu alisema. "Wewe ulijifunza." Alimgusa begani, vidole viwili tu, kama mtu anayejaribu joto la pasi. "Usinitie aibu leo. Nimewaalika wajumbe wote."

* * *

Ukumbi wa kupimia ulikuwa umejaa. Watu wa Dari walikaa kwenye viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi. Watu wa Sakafu waliruhusiwa wachache, wakasimama nyuma penye upepo wa mashine ya hewa: wanaume wawili, mama mwenye mtoto mgongoni, bibi mmoja aliyefungwa bandeji usoni. Walikuwa miongoni mwa waliopita mlango wa saba. Hawakujua waitazame nini, wakawa wanatazama miguu yao.

Juu ya ukuta wa mbele taa sita zilikuwa zimepangwa kwenda juu, zote zimezimwa. Limi alimvisha Nkwimba ukanda. Shingo yake ilikuwa ya moto. Alitamani kumnong'oneza neno moja la mwisho, lakini macho ya Mkuu yalikuwa yamemganda usoni.

"Jina lako na kazi yako."

"Nkwimba Luhende. Mlinda mlango wa saba, Sakafu."

"Unakubali kwamba uliufungua mlango baada ya kufungwa?"

"Nakubali."

"Kwa sababu gani?"

"Waliniita jina."

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti vya mbele. Ukutani taa ya pili iliwaka, ikapepesa, ikapanda kuwa ya tatu, ikashuka tena, kama mtu asiyejua akae kiti gani. Limi aliziona taa hizo. Ya tatu ingetosha. Ya tatu ni kazi ya adhabu, lakini ni uhai.

"Waliokuita walikuwa ndugu zako? Majirani?" aliuliza haraka. Lilikuwa swali halali, ingawa lilikaribia sana mpaka. "Ulifikiria watu wa ushoroba wako wangekuonaje kama usingefungua?"

"Sikufikiria. Mmoja wao ni mtu tuliyegombana naye hatusalimiani. Yeye ndiye aliyekuwa anaita zaidi." Mmoja wa wale wanaume wa nyuma aliinua uso. "Sauti yake naijua. Nilikuwa nimeuegemea mlango, naisikia kwenye mbavu."

"Je, uliona kwamba amri yenyewe ina kasoro?"

"Bibi Limi," Mkuu alisema kwa upole, "hayo ni maswali au ni kijiko?"

Ukumbi ukacheka kwa sauti sasa. Limi akahisi masikio yanawaka.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema. "Uliufungua mlango kwa sababu gani?"

Nkwimba aliugeuza uso kutoka kwake. Aliposema, hakuwa akimjibu Limi. Alikuwa akiongea na wale waliosimama nyuma.

"Niliogopa. Niliogopa nisipofungua nitakuwa nawasikia mpaka nakufa. Basi. Nikafungua, Mzee Budeba akafa, sasa namsikia yeye, ingawa hakuita. Mimi sina la zaidi."

Taa ya tatu ilizimika, na ya pili ikaifuata. Ya kwanza, ile ya chini kabisa, iliyowekwa usawa wa goti, ikawaka ikatulia.

Sikio lilikuwa limesikia neno kuogopa. Limi alijua lilivyotengenezwa. Alikuwa mmoja wa waliolilisha sauti za maelfu ya watu, mwaka baada ya mwaka, ili lijifunze kutofautisha. Walilifundisha kwamba woga ni woga wa fimbo, na hapakuwa na hata mmoja kati yao, wenye majoho wote hao, aliyewahi kuuliza kama kuna woga wa namna nyingine.

"La kwanza," alitangaza mwandishi wa Baraza. "Mpimaji aweke kidole."

Bamba la hukumu lilisogezwa mbele yake. Lilikuwa la kioo, limepoa, na katikati yake palikuwa na kishimo cha kuwekea kidole gumba. Alikuwa ameshakiweka mara nyingi mno. Mkono wake wa kulia ulianza kunyanyuka wenyewe, kwa mazoea, naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu akaurudisha mapajani.

"Bibi Limi," Mkuu alisema.

"Siweki."

* * *

Kelele zilikuwa nyingi, lakini Mhangwa alizituliza kwa kiganja kimoja. Alitabasamu hata. Alieleza, kwa faida ya wageni, kwamba mpimaji kukataa kidole ni kuvunja amri kama amri nyingine, na kwamba mpimaji naye ana haki ya Msamaha wa Hoja. Apimwe pale pale. Akitoa hoja ya daraja lake, kukataa kwake kutaheshimiwa, na kidole kitawekwa na mwingine. Sheria ni pana, alisema, ina nafasi hata kwa dhamiri ya bibi huyu.

Akamvua Nkwimba ukanda, akaja mwenyewe kumvisha Limi.

Hapo ndipo Limi alipouona mtego wote, na jinsi ulivyokuwa laini. Hoja anazo. Angeweza kusema kwa ufasaha usiokatika kuhusu amri zinazothamini uhai kwa mahali pa kulala, kuhusu chombo kinachosikia neno kisisikie mtu. Angesema vizuri kuliko Kalekwa. Taa ya sita ingewaka, wangempigia makofi, angekwenda nyumbani kwake pakavu akiwa mtu wa haki. Na Nkwimba angetolewa juani kabla ya chakula cha mchana kwa kidole cha mtu mwingine.

"Bibi Limi Kasubi, umekataa kuweka kidole kwa sababu gani?"

Alimtafuta Nkwimba kwa macho. Alikuwa amesimama kati ya askari wawili, mikono imekunjwa kifuani, akimtazama kwa dharau ile ile ya miaka yote. Alikuwa anangojea. Ilikuwa wazi kwamba alijua tayari atakachosikia: hotuba.

"Naona aibu," Limi alisema.

Taa ya tatu ikawaka. Ukumbi ukaguna.

Mhangwa alisogea karibu mpaka harufu ya mafuta yake ya karafuu ikamfikia Limi. Sasa hakutabasamu. "Endelea," alisema. "Hiyo haijakamilika. Unaona aibu kwa niaba ya sheria iliyopungukiwa. Ndivyo?"

"Naona aibu mbele ya wifi yangu."

Taa haikusogea.

"Mama, jitazame," Mkuu alinong'ona, midomo haimchezi. "Unajua kanuni. Mpimaji akianguka chini ya la tano, kila kidole alichowahi kuweka kinaanguka naye. Kila kimoja. Unajua ni watu wangapi wa Dari uliowapima wewe?"

Alijua.

"Kalekwa ulimpima wewe. Wajumbe nusu yao. Mimi..." Akatupia jicho viti vya mbele. "Mimi mwenyewe ulinipima wewe. Sema kwamba utu wa mtu hauwezi kupunguzwa na chombo. Sema hivyo tu. Utu wa mtu hauwezi kupunguzwa na chombo."

Ukanda ulisikia koo la aliyeuvaa tu, lakini watu wa viti vya mbele walikuwa na masikio yao. Mama mmoja mjumbe aliweka kiganja mdomoni. Mkuu wa Wapimaji alikuwa analisha maneno mchana kweupe, mbele ya Baraza zima.

"Mkuu wangu," Limi alisema, na sauti yake ikasikika mpaka nyuma, "hayo ni maswali au ni kijiko?"

Hakuna aliyecheka.

"Sababu yangu nimeisema. Siwezi kumtazama usoni huyu mwanamke nikiweka kidole. Sina nyingine."

"La tatu," mwandishi alitangaza, kisha akaonekana kujutia kwamba amefungua mdomo.

Kilichofuata hakikuwa na heshima yoyote. Kalekwa ndiye aliyesimama kwanza, akipiga kelele kwamba mwanamke huyu ni msaliti, amepandikizwa, tangu lini nyumba ya mtu ikategemea aibu ya mjane wa Sakafu? Watu waliokuwa wakipigiana makofi juzi walianza kuulizana nani alikupima wewe, nani alikupima wewe, na kila aliyetaja jina la Limi alisogezewa mbali kiti. Mtu alimtemea Limi mate. Mwingine akalivuta joho kwa nyuma mpaka taa mbili zilizotariziwa zikachanika. Askari, ambao nao walipewa madaraja yao kwa kidole cha Limi, hawakujua wamtii nani.

Baraza likakaa faragha, likatoka na tangazo fupi. Vipimo vyote vya Limi Kasubi vimebatilishwa, vitarudiwa. Mpaka vitakaporudiwa, Mkuu hana mamlaka ya kutoa mtu juani. Nkwimba Luhende arudishwe Sakafu, angojee. Limi Kasubi, wa daraja la tatu, ahame Dari leo hii.

* * *

Alishuka na furushi moja. Ngazi za Sakafu zilikuwa na utelezi kuliko alivyozikumbuka, na hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya udongo na mafuta ya taa. Watu walimpisha bila kumsalimu. Wengine walijua kilichotokea juu, wengine waliona joho lililochanika tu, na kwao joho lilikuwa joho.

Nkwimba alikuwa mbele ya chumba cha pampu, maji yakimfika kiunoni, akivuta mkono wa pampu ya kienyeji pamoja na wanaume watatu. Pampu kubwa ilikuwa imezama. Dari waliahidi kuleta fundi, na fundi hakuja. Mmoja wa wale wanaume alikuwa yule aliyegombana naye. Bado walikuwa hawasemeshani. Walikuwa wanapokezana tu mkono wa pampu.

"Usidhani umenifanyia hisani," Nkwimba alisema bila kuacha kazi. "Kipimo changu kimeahirishwa, hakikufutwa. Watakuja na ukanda wao tena."

"Najua."

"Na usidhani tumepatana."

"Sijadhani."

Limi aliweka furushi juu ya ngazi, akavua joho, akaingia majini. Baridi ilimkata pumzi. Alikuwa hajashika mkono wa pampu bado, akasikia watu wanapisha nyuma yake.

Aliyekuja alikuwa mjane wa Mzee Budeba, Bi. Holo, mama mwembamba aliyefunga kaniki kifuani. Tangu mafuriko hakuwa ametoka nje, wala hakuwa amemfungulia Nkwimba mlango alipokwenda kutoa pole. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yakilamba vidole vya miguu yake.

"Nkwimba."

Nkwimba aliachia pampu. "Naam, mama."

"Nimeambiwa ulisema walikuita jina."

"Ndiyo."

"Mume wangu hakukuita?"

"Hakuniita, mama. Hakujua kama maji yanakuja."

"Lakini ulijua yumo. Kila siku alipita mlangoni kwako akakuamkua."

"Nilijua."

"Ulimkumbuka?"

Wanaume waliacha kuvuta. Limi alisikia moyoni mwake maneno yakipangika yenyewe, mengi, ya heri, ya kumfaa mjane na kumsitiri wifi yake: kwamba hapakuwa na nafasi ya kufikiri, kwamba kosa ni la lango la bwawa, la mhandisi, la amri. Yote yalikuwa ya kweli. Aliuma ulimi.

"Sikumkumbuka," Nkwimba alisema. Uso wake mpana ulikuwa umeanza kuvunjika. "Niliwasikia wale tu."

Bi. Holo alimtazama. Kwa kitambo alionekana kama atampiga, na Nkwimba alisimama vile vile, mikono chini, kama anayelitaka kofi lile. Lakini mjane alikunja kaniki yake juu ya magoti.

"Vuteni," alisema. "Siku zote hizi amelala majini. Nataka nimwoshe."

Wakavuta. Viganja vya Limi vilichubuka upesi, akavifunga kwa vipande vya joho akaendelea. Walipokezana bila kuongea, neno lililosikika lilikuwa "vuta" na "pumzika" na "vuta." Maji yalishuka taratibu kama mgonjwa anayekataa kupona. Alikuja askari kutoka juu, kijana wa Dari, akasimama ngazini na ukanda mweusi mkononi, akasema Baraza linaanza kurudia vipimo na linamtaka Nkwimba Luhende. Bi. Holo alimwambia bila kugeuka kwamba Nkwimba ana kazi. Kijana akangoja. Baadaye, alipoona watu wamechoka, akaufunga ukanda kwenye nguzo, akakunja suruali.

Walimpata Mzee Budeba nyuma ya pampu kubwa, mkono mmoja umeshika valvu. Alikuwa ameifunga. Ndiyo maana maji hayakushuka hadi mabweni ya watoto yaliyokuwa chini yake, jambo ambalo juu hakuna aliyelijua wala kuliuliza. Nkwimba alishika mabega, Limi akashika miguu, mmoja wa wanaume akashika kiuno, wakampandisha hadi nyumbani kwake. Wakamlaza kwenye mkeka mjane alipoonyesha.

Bi. Holo alipiga magoti akamfuta mumewe uso kwa kiganja. Hakuwaangalia alipozungumza.

"Kesho tunazika. Wewe, mwenye joho, sikujui, lakini umembeba, njoo." Alifuta tope kwenye nyusi za marehemu. "Na wewe Nkwimba, uje. Ukae mbali nami. Usinishike mkono, usiniambie pole, sitaki kukusikia. Lakini uje."

"Nitakuja, mama," Nkwimba alisema, akatoka kinyumenyume mpaka nje.